Zulia Jembamba la Mama

Fundi huyu wa mazulia alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenye nyumba. Akimaliza kutandika zulia, hakulikagua kwa macho. Alipiga magoti, akafumba macho, akapitisha kiganja cha kulia kutoka ukuta hadi ukuta, polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe anayetaka kumnunua. Kisha alisimama, akajipangusa magoti na kusema, "Tayari. Ingieni peku." Alikuwa ameyasema maneno hayo kwa miaka ishirini na minane, na hakuna aliyewahi kurudi kumlalamikia. Hilo nalo alilisema, tena mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mwenye haya.

Sasa zamu ilikuwa ya chumba cha mama yake mzazi.

Mama alikuwa na wiki ya tano hospitalini. Sukari ilikuwa imeshamla vidole viwili vya mguu wa kushoto, na nyayo zote mbili zilikuwa zimekufa ganzi. Ungezimwagia maji ya moto, angejua kwa kuona mvuke. Daktari alizungumza na binti yake, yaani mdogo wake fundi, bila kuzungukazunguka. Sakafu tupu ya saruji hapana. Mkeka unaoteleza hapana. Zulia nene linalonasa vidole hapana kabisa. Akipata kidonda kingine, hata kama ni mchubuko tu, huenda mguu ukaondoka.

Yule binti hakuwa mtu wa mambo nusunusu. Alinunua zulia la sufu safi, jembamba kama shuka zito, la rangi ya majani makavu, kwa bei ambayo fundi alipoisikia alikohoa.

"Kaka, hili usije ukaliharibu."

"Wewe! Nimeanza kutandika mazulia ungali unanyonya kidole."

"Ndiyo maana nakuogopa. Huambiliki."

Zulia la namna hiyo halilazwi tu chini likakaa. Kando ya kuta hupigiliwa vipande vyembamba vya mbao vyenye misumari midogo iliyochomoza juu, ikiinamia ukutani. Zulia huvutwa likanaswa hapo, likatulia bila kukunjamana. Mafundi huviita meno. Zulia nene huyameza meno yote, lakini jembamba huyaacha yachungulie. Kwa hiyo jembamba linataka meno mafupi, na sponji ya chini iwe nyembamba na ngumu. Fundi alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, na Jumatatu asubuhi alitoka kuyatafuta.

Duka la kwanza walimletea meno ya kawaida na kumwapia kwamba ndiyo mafupi. La pili hawakuwahi kuyasikia. La tatu lilikuwa la bwana mmoja ambaye mafundi walimbatiza Njookesho, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa karibu kila kitu. Njookesho alikuwa na sponji, tena nzuri. Alipoulizwa meno mafupi, alikuna kidevu.

"Yanaagizwa hayo. Wiki mbili."

"Mama yangu anatoka hospitali Ijumaa."

"Basi mwambie daktari amshikilie kidogo."

Fundi hakucheka. Alisimama pale dukani akipiga hesabu ya siku. Angeweza kumpigia mdogo wake simu na kumwambia ukweli, kwamba kifaa hakuna, mama akalale kwake hizo wiki mbili. Nyumba ya mdogo wake ilikuwa na nafasi. Lakini alikwishajipiga kifua mbele ya ukoo mzima kwamba Ijumaa chumba kitakuwa tayari, na maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akanunua meno ya kawaida, na tupa ya chuma.

Siku mbili nzima alikaa sakafuni akisugua ncha za misumari moja baada ya nyingine. Alisugua mpaka kiuno kikamkataa. Iliyogoma aliigonga kwa nyundo ikalala. Alhamisi alasiri zulia lilikuwa limetandikwa, limevutika vizuri, na mshono wa katikati huuoni hata ukiinama. Akapiga magoti, akafumba macho, akapitisha kiganja kando ya kuta zote nne. Hapakuwa na kitu.

"Tayari," alisema, chumba kikiwa kitupu. "Mama aingie peku."

Mama aliingia Ijumaa, mkono mmoja ukiwa na fimbo na mwingine ukiegemea ukuta. Tangu akatwe vidole alipoteza mizani, na kutembea kwake kote kulikuwa kwa kufuata ukuta, kutoka kitandani hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Ala! Mmenileta nyumbani kwa waziri?" alisema.

"Nyumbani kwa mama yake fundi," alijibu fundi, na moyo wake ulijaa furaha ambayo hakuwa ameisikia kwa miezi.

Mdogo wake alikuwa na safari ya kikazi ya siku tatu. Kabla ya kuondoka alimwonyesha kaka yake beseni, taulo na mafuta. Kila jioni amwoshe mama miguu na kuichunguza yote, kisigino, kando, katikati ya vidole. Lililobadilika rangi, lililovimba, aseme hapo hapo.

"Uangalie, kaka. Sio kugusa tu."

"Nimesikia."

Hakusikia. Jioni ile alikaa kwenye kigoda, akaupakata mguu wa mama yake, na alipoona mahali palipokuwa na vidole akaona haya kukodoa macho. Mkono wake aliuamini kuliko macho, tangu zamani. Akamwosha, akamfuta, akafumba macho na kupitisha kiganja kutoka kisigino hadi vidoleni.

"Safi, mama."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Jumamosi ikawa vivyo hivyo, na Jumapili pia.

Jumatatu mdogo wake alirudi, akapiga magoti kabla hata ya kunywa maji, akawasha tochi ya simu. Kwenye ubavu wa kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kulikuwa na vitundu vitatu, na kandokando yake nyama ilikuwa imevimba na kuwa nyeusi.

"Kaka, hii ni nini?"

"Kuna nini huko chini?" aliuliza mama.

Mdogo wake alivua viatu, akaegemeza mkono ukutani kama mama, akaanza kutembea hatua fupi fupi. Hatua ya nne alipiga ukelele, akauinua mguu.

Fundi alikimbilia pale, akapitisha kiganja. Akapitisha tena, kwa nguvu zaidi.

"Hapana kitu hapa. Sasa umekanyaga nini?"

Mdogo wake hakubishana. Aliushika mkono wa kaka yake, akaukandamiza pale pale, kisha akaugeuza juu. Katikati ya kiganja, juu ya sugu nene ya manjano, kulikuwa na tone la damu.

Fundi aliliangalia lile tone kama si lake. Hakuwa amesikia kitu chochote. Miaka ishirini na minane ya kuvuta mazulia, kupiga nyundo na kusukuma patasi ilikuwa imeujengea mkono ule ukuta, tofali kwa tofali, na yeye hakujua ni lini lilipangwa la mwisho.

"Tangu lini?" mdogo wake aliuliza.

Fundi aliwaza nyumba zote alizosema ingieni peku. Aliwaza nyumba moja yenye mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa.

Kidole kilikatwa siku ya tisa. Mguu ulipona, lakini kidole kilikatwa. Fundi na mdogo wake walikaa kwenye benchi la korido ya hospitali wakiwa wameachana nafasi ya watu wawili. Siku hiyo dada mtu alisema mara moja tu.

"Ungeniambia vifaa vimekosekana, kaka. Angelala kwangu. Basi."

Ingekuwa nafuu kama angemtukana.

Meno mafupi, ambayo sasa fundi aliyaagiza, yalifika dukani baada ya wiki mbili, sawa na alivyosema Njookesho, ambaye safari hii hakutania. Fundi aling'oa kila kitu na kuanza upya. Mama alikataa kumngojea kwa binti yake. Alitaka kukaa mlangoni mwa chumba chake kwenye kiti, mguu wenye bandeji juu ya stuli, atazame. Kazi ilipokwisha, fundi alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Mama, kidole chako nimekila mimi. Nilijua meno si yenyewe, nikanyamaza. Na miguu yako sikuiangalia, niliigusa tu. Huu mkono umekufa, na mimi sikujua."

Mama aliuchukua ule mkono, akaupindua, akaubonyeza kwa kucha. Fundi hakushtuka.

"Hata mimi siku ya kwanza sikujua," alisema mama. "Nilidhani nimevaa soksi." Akauachia. "Sasa hilo zulia utalipimaje?"

Fundi aliangalia kiganja, akaangalia zulia. Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma ya kiti, na tayari alikuwa ameanza kuvua viatu. Fundi akamzuia. Akaenda kwenye kona, akalala kifudifudi, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, akaweka shavu lake la kulia kwenye zulia, pembeni kabisa mwa ukuta. Akaanza kujikokota. Shavu lilipita shibiri kwa shibiri, akipumua vumbi la sufu. Ukuta wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha.

Kwenye ukuta wa nne, karibu na dirisha, alishtuka na kuinua kichwa. Msumari mmoja ulikuwa umesimama wima badala ya kuinama, na chini ya jicho lake palikuwa pamechanika kidogo.

"Umekuchoma?" aliuliza mama.

"Umenichoma."

"Unauma?"

Machozi yalimtoka fundi, akayaacha yamtoke mbele ya mama yake na mdogo wake.

"Unauma, mama. Unauma sana."

Mama aliutazama mguu wake juu ya stuli, ile bandeji nyeupe na mahali palipokuwa wazi.

"Basi shukuru," alisema. "Kisha ung'oe."

Fundi alichukua koleo, akaung'oa ule msumari, akalirudisha shavu pale pale.