Mkia wa Mbayuwayu

Ndege arobaini na mmoja walikuwa wamejipanga kwenye kioo cha kompyuta, nami nimesimama nyuma na kitambaa cha kupangusia.

"Cheptanui, ulikuwa umelala?" aliuliza Truphosa, msimamizi. "Hawa si shomoro, ni mbayuwayu. Mtu amechongewa kaburini kwamba ni mkuu, wewe umemwandika mwovu!"

Kazi yao katika ofisi ile ya Nakuru ni kutazama picha za maandishi ya kale ya Misri na kuipa kila alama namba yake, ili kompyuta iweze kuyasoma. Kazi yangu ni kufagia. Lakini Ijumaa Cheptanui alipigiwa simu kutoka Molo kwamba mamake ameanguka shambani, akanisihi nikae kitini pake.

"Wewe una macho, Wachuka. Tazama, linganisha, bonyeza."

Mimi niliyeachia shule darasa la sita nilikaa pale kama bibi harusi.

Ndege hao wanafanana, ila mkia. Wa shomoro ni wa mviringo. Wa mbayuwayu umegawanyika. Katika maandishi hayo shomoro husimamia uovu, mbayuwayu ukuu. Kwetu, kule Bahati, mbayuwayu hujenga chini ya paa kila mwaka. Niliuona mgawanyiko ule kwenye picha. Nikajiambia ni ufa wa jiwe, kwa sababu shomoro alitangulia kwenye orodha ya kompyuta, na nilitaka kumaliza mapema nisifiwe.

"Ni kosa langu," alisema Cheptanui. Hakugeuka kunitazama.

"Basi kesho usije."

"Sawa, madam."

Alichukua kikombe chake, akachukua sweta. Mimi hata salamu hunishinda mbele za watu. Niliendelea kupangusa meza iliyokwisha kung'aa. Nilimfikiria yule marehemu, maelfu ya miaka amelala akijulikana kuwa mkuu, hadi siku moja nikamfikia mimi.

"Madam." Sauti ilitoka ndogo. "Niliwabonyeza mimi."

"Wewe wa kufagia?" Truphosa alicheka, kisha akaacha. "Hukujua tofauti yao, siyo?"

Alikuwa amenifungulia mlango. Ningeitikia tu, nikapita.

"Niliijua."

Truphosa alikisukuma kiti cha Cheptanui kuelekea kwangu.

"Nionyeshe."

Nikakaa. Nikaweka kidole kwenye mkia wa ndege wa kwanza. Cheptanui alikuwa bado mlangoni, mkono mmoja ndani ya sweta, mwingine nje.