Jina Alilokosa Raya

Usiku wa jana niliota niko kazini, naandika programu kwa lugha ya C, na kibodi imegoma.

"Leo siandiki," ikasema. "Kuna msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wako, Zamda. Umerudi kazini mapema mno."

Sikubishana nayo. Kibodi ile ina mdomo kama wifi wa harusini. Nilitaka tu kupima kama herufi ni ndogo, na kazi hiyo ni ya islower, kijiamri cha lugha ya C. Unampa herufi moja. Ikiwa ndogo, anakujibu namba yoyote isiyo sifuri. Ikiwa kubwa, au si herufi kabisa, anakujibu sifuri. Basi. Hana salamu wala pole.

Ghafla ofisi haipo. Niko kwenye foleni mbele ya geti la bati, kibodi nimeikumbatia kwapani, na islower mwenyewe amekaa kwenye kigoda, kavaa sare za mlinzi. Mbele yangu yupo namba saba.

"Mimi mdogo," saba anasema. "Muulize nane."

"Sifuri," islower anamjibu. "Wewe hata herufi si herufi."

Saba anageuka kunitazama. Simsalimii, nina ugomvi naye. Nilipojifungua, shangazi yake Shomari, mume wangu, alisema kwao mtoto hapewi jina mpaka siku ya saba, anyolewe nywele, watu wale wali, ndipo aitwe. Tukangoja. Binti yangu hakuifikia siku hiyo. Tulimzika akiitwa mtoto tu, na wanaokuja kunipa pole huniambia Mungu atanipa mwingine, kana kwamba nimevunja kikombe.

"Humo ndani wanakaa kina nani?" namuuliza islower.

"Wasio na herufi kubwa. Jina huanza kwa herufi kubwa. Asiye na jina anaingia bila taabu."

Nyuma ya bati mtoto analia. Kilio kile nakijua, nilikisikia siku chache tu lakini nakijua.

"Nipishe, kaka yangu. Mwanangu yumo."

"Taja jina lako, herufi moja moja. Neno zima mimi sisomi. Tangu nizaliwe sijasoma hata moja."

Namwonea huruma kidogo. Natoa Z.

"Sifuri."

Herufi zangu nyingine anazipitisha. Zinakimbilia ndani bila hata kuniaga, nami nabaki nje na Z yangu, nalia.

"Mpe jina," kibodi inasema kutoka kwapani. "Akiwa na herufi kubwa, hawawezi kumweka humo."

"Siku ya saba haijafika."

"Na haitafika, Zamda."

Naichukia kibodi ile kwa kusema kweli. Jina ninalo. Nililichagua mimba ikiwa changa, nikalificha moyoni, hata Shomari sikumwambia. Naweka mdomo kwenye tundu la bati na kuita, "Raya!"

Kilio kinakatika. Islower anasimama, anachungulia ndani, anatikisa kichwa.

"Sifuri. Huyu si wa humu."

Ananiletea mwanangu mikononi. Ana joto. Nakaa chini palepale kwenye vumbi, namnyonyesha, naye ananyonya kwa pupa, ngumi yake imeshika kidole changu. Namba saba anatupa kisogo. Nadhani ana haya.

"Nitakaa naye mpaka lini?" nauliza.

"Mimi najua swali moja tu," anasema islower, "na hilo silo."

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, na kanga niliyojifunga ilikuwa imelowa kifuani. Niliigusa, nikanusa vidole. Yalikuwa maziwa. Yalikuwa yamenikauka kabla hata ya arobaini ya mtoto, na mkunga alisema hayatarudi.

Shomari aligeuka. "Vipi, umemwagikiwa na maji?"

"Mwanetu anaitwa Raya," nikamwambia.

Alikaa kitandani, akaitazama ile kanga. Nilidhani atanikumbusha maneno ya shangazi yake.

"Raya binti Shomari," akasema, kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.