Ndege Wamezoea

Kule Golbanti, kijiji cha kando ya mto, mtoto hafundishwi kupiga debe. Anapandishwa tu kwenye dungu, kile kitanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba la mpunga, anapewa debe na fimbo, anaambiwa awinge ndege. Na anaambiwa kitu kimoja: usipige vilevile. Ukipiga vilevile ndege wanazoea, wanakula huku wanakuangalia.

Jilo alijifunzia hapo. Alipokua akaenda Mombasa, akaingia kwenye bendi ya roki kupiga gitaa, na watu walizipenda solo zake kwa sababu hakuna aliyejua zinaenda wapi. Hata yeye hakujua. Alikuwa anafunga macho, vidole vinatangulia, yeye anafuata.

Tangu mama yake afe kwenye mafuriko ya Elnino, hayo yaliisha. Sasa alikuwa na solo moja tu. Kilifi aliipiga hiyo, Malindi hiyo hiyo, na bado alikuwa anafunga macho ili watu wafikiri anaitunga pale pale.

Tahir, mpiga besi na mkubwa wa bendi, mtu wa Kipini, alimwambia wakishusha spika kwenye lori hapo Garsen.

"Yakhe, hiyo solo naijua mpaka naiota. Hata mke wangu anaijua, na hajawahi kuja shoo."

"Leo nitabadilisha."

"Malindi ulisema hivyo hivyo. Ukiirudia leo, kwenye shoo ya Hola solo anapiga Abdinur na kinanda chake. Wewe utabaki kukwaruza huko nyuma."

Jilo akasema sawa. Alijaribu kuogopa, woga haukuja. Hata siku ya kumzika mama hakulia.

Shoo ilianza saa tisa mchana, uwanjani karibu na soko, kwa sababu njia si salama na jioni hakuna anayetaka kuwa barabarani. Watu walijaa. Dada yake, Esha, anayesoma hapo Garsen, alisimama mbele na wenzake wa shule. Kando kulikuwa na vijana wa Kiorma, wafugaji, na fimbo zao. Mmoja wao, Jarso, aliposikia gitaa linakoroma akasema kwa sauti, "Huyo ng'ombe amekwama matopeni. Leteni kamba." Watu wakacheka.

Solo ikafika. Bendi ikapunguza sauti. Jilo akafunga macho, na vidole vikaenda palepale pa siku zote.

"Jilo, ndege wamezoea!"

Alikuwa Esha, ambaye hata nyumbani anaongea chini chini. Watu wa Golbanti waliokuja shoo walicheka mpaka wakashikana.

Jilo akaacha kupiga. Ngoma ikaendelea peke yake. Akafungua macho, akamuona Tahir anamtazama. Akaweka kiganja juu ya nyuzi zisilie sawasawa, akapiga pigo moja, kavu, kama bati. Akangoja. Akapiga mawili, akaruka, akapiga matatu mahali ambapo hakuna aliyeyategemea. Abdinur akatafuta pa kuingia, akapakosa, akatoa mikono kwenye kinanda. Watu wa Golbanti wakalitambua lile debe, wakaanza makofi. Hata Jarso alikuwa anatingisha fimbo.

Jilo aliona yote hayo kama yanafanyika kwa jirani. Mkono ulitangulia, yeye akafuata, kama zamani. Ukampeleka mpaka siku ile ya mafuriko.

Siku ile alikuwa amekuja nyumbani, amelala ndani. Mama alikuwa kwenye dungu. Mto ukavunja kingo upande wa shamba. Debe likaanza kulia. Ta, ta, ta. Pigo moja, nafasi ileile, kwa muda mrefu. Jilo alilisikia, akawaza mama anawinga ndege, akageukia ukutani akalala tena. Maji yakaangusha dungu, mama akiwa juu yake. Na hakuna mtu wa Golbanti anayewinga ndege kwa pigo moja. Hilo alilijua tangu utotoni. Hajawahi kumwambia mtu kwamba alisikia.

Sasa mkono ulikuwa unapiga hivyo. Ta, ta, ta. Alitaka ubadilishe, haukukubali. Makofi yakapungua, kisha yakaisha. Jarso akasema, "Ng'ombe amerudi matopeni," lakini safari hii waliocheka ni wachache. Esha alikuwa ameziba masikio.

Jilo alipiga mpaka mkono ukachoka. Akanyamaza, bendi ikaingia.

Baadaye, wakikunja waya, Tahir alimwambia, "Ule mwanzo, mashallah. Mwisho sikuelewa. Lakini Hola solo ni yako."

"Sawa."

Jilo alingoja furaha ije. Akaendelea kukunja waya.

Esha alikuja akasimama karibu na spika.

"Kaka, siku ile na wewe ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mimi nilikuwa nje naosha vyombo. Nikasema moyoni, ni ndege tu."

"Mimi pia."

Esha akainama, akashika ncha ya pili ya waya. Wakaukunja pamoja mpaka ukaisha.