Kijito cha Kihonda

Jumatatu asubuhi Raya, mchumi wa maliasili, alitaka kuvaa viatu vya ofisini akavikuta vimelowa. Kijito kilikuwa kimeingia kwa mlango wa mbele, kikazunguka meza na kutokea jikoni. Maji yalikuwa maangavu, yenye baridi ya milima ya Uluguru, na ndani yake kaa wawili. Alikitambua. Kilikuwa cha ukoo wa mama yake.

Yeye ndiye aliyekipangia thamani. Mradi wa maji uliomwajiri ulitaka kukizungushia uzio kule milimani uyauze maji, na kazi ya Raya ilikuwa kuuliza kila kaya ingetaka ilipwe kiasi gani ili ikiache. Alipomfikia mama yake mkubwa, Mwaisha, alimkuta akichambua maharage.

"Hakina bei, mwanangu."

"Taja chochote, mama."

"Mali ya ukoo wetu hufuata mtoto wa kike. Kikifukuzwa huku kitakuja kwako. Kiende wapi tena?"

Raya akaandika sifuri. Kompyuta haikupokea maneno, na ndivyo alivyowafundisha vijana wake wa kukusanya majibu: asiyetaja bei, sifuri. Kijiji kizima kilijibu kama Mwaisha. Uzio ukajengwa bila fidia.

Sasa majirani zake wa mtaa wa Kihonda, ambao mabomba yao yalikuwa makavu, walipanga foleni na ndoo wakimwambia asante. Raya akapandisha kitanda juu ya matofali. Alipopanga chumba mtaa wa Kilakala, kijito kilimtangulia. Ofisini kilijikunja chini ya meza yake. Aliomba kuirekebisha ripoti. Mkuu wake akakunja suruali, akakivuka, akamkumbusha sahihi iliyo kwenye ripoti ni ya nani. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Raya aliona haya hata kumpigia simu Mwaisha, akarudi Kihonda.

Kisha mradi ukasikia maji yamehamia huko. Wakamtuma Anselmi, mmoja wa vijana ambao Raya mwenyewe aliwafundisha kazi. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, dada. Ungetaka ulipwe kiasi gani ili ukiache kijito?"

Raya alijua kiasi chochote kingemwokoa. Alifungua kinywa ili akitaje. Kaa mmoja alikuwa amepanda juu ya unyayo wake, ametulia.

"Hakina bei, Anselmi."

Anselmi hakubisha. Aliinua simu yake maji yasiirukie, akaandika kama alivyofundishwa, akaaga kwa adabu. Nje mafundi walikuwa wameshaanza kuchimbia nguzo za uzio kuizunguka nyumba, na Raya alikuwa ndani.