Simu Iliyozima Katikati ya Neno

Emérita alilima maharage katika vilima vya Masisi, na mwanawe Esdras alichimba madini Omate, kule Walikale. Kila Jumamosi Esdras alipanda mlima kutafuta mtandao, akampigia. Jumamosi hiyo alisema, "Mama, niko na neno ya kukuambia," na simu ya mama ikazima. Asubuhi ileile Emérita alikuwa ameichukua kwa Jean-Luc, mwenye kibanda cha kuchaji simu.

Kesho yake, baada ya ibada, watu wakiwa bado uani, alisema mbele ya wote: "Jean-Luc anatudanganya. Unamuachia telefone siku muzima, anakurudishia nusu."

Hapo wengine nao wakapata midomo. Constance, jirani yake, alisema Jean-Luc hajibu salamu. Mwingine alisema simu yake ilirudi inanuka mafuta ya taa. Watu wakacheka. Jean-Luc alichukua kofia yake, akaondoka.

Jumatatu kibanda kilifungwa, Jumanne vilevile. Simu za kijiji kizima zikazima. Emérita alikwenda shambani, akarudi kabla ya kumaliza mstari mmoja. Akapika, akasahau chumvi. Neno gani lile? Ugonjwa? Shimo limeporomoka?

"Mama Esdras," Constance alimwambia, "mudomo yako njo imetufungia kibanda."

Jumatano alimfuata Jean-Luc nyumbani. Alimkuta ameinamia betri kubwa ya sola.

"Imezeeka," Jean-Luc alisema bila kuinua macho. "Ningejaza telefone mbili, zingine zingekosa. Nikaona kila muntu apate kidogo."

"Sasa kwa nini haukutuambia?"

"Mungepeleka telefone fasi ingine, kwa muntu mwingine."

Emérita alimwonea huruma, ingawa hasira haikumtoka yote. "Nilikusema mbele ya batu, Papa Jean-Luc. Nitawaambia na hii. Lakini yangu uijaze yote."

Akakaa kwenye jiwe kando ya betri, akasimama, akakaa tena, hadi simu ilipojaa. Jioni, kwenye bomba la maji, aliwaeleza wanawake kila kitu. Constance alinyanyua ndoo yake, akaenda zake. Kesho yake kibanda kilifunguliwa.

Jumamosi simu iliita.

"Mama, nakuambia niko na neno, unanikatia?" Esdras alilalamika hata kabla ya salamu. "Nilifikiri umekasirika."

"Ni betri, mwanangu. Sema."

Upepo wa mlimani ulisikika.

"Nimechoka huku, Mama. Nataka kurudi nyumbani."

"Rudi," alisema Emérita, akiwa tayari amesimama.