Mshono wa Kwanza wa Sekela

Siku ya kwanza Sekela kuingia chumba cha upasuaji alizimia kabla kisu hakijagusa ngozi ya mgonjwa. Wenzake wa mwaka wa nne wa udaktari wakambandika jina la Luku, kwa kuwa alikatika ghafla kama umeme ulioisha uniti. Akaapa kwamba kazi yoyote ya hospitali ataifanya, ila upasuaji, hapana.

Wiki iliyofuata Dk. Khulud, bingwa wa upasuaji aliyekuwa akiwafundisha huko Temeke, akamwita.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Nasikia umetukimbia."

"Mie mwoga, daktari. Naona siiwezi."

"Asubuhi ile ulikunywa chai?"

"Hapana. Nilichelewa."

Dk. Khulud akaangua kicheko. "Basi hiyo ilikuwa njaa, mwanangu. Njoo Jumamosi, tena uje umeshiba."

Jumamosi Sekela akakuta sinia la utumbo wa ng'ombe, umetoka buchani Mtoni, na sindano na uzi vikimngoja. Utumbo wa kwanza alioushona ulivuja kama bomba bovu. Wa pili ukavuja kidogo. Kufika Jumamosi ya tatu, Dk. Khulud akaujaza maji, akauminya, lisitoke hata tone. "Umeona?" akasema. "Wanawake tuko wachache mno humu. Mikono kama hii siiachii."

Ndipo akaja Mzee Fransis, mwashi kutoka eneo la Wazo, mwenye ngiri. Alichomwa ganzi ya mgongoni. Kiuno na miguu vikalala, mdomo ukabaki macho. Dk. Khulud alipomaliza kazi kubwa, akamuuliza mzee kama atamruhusu Sekela aifunge ngozi.

"Ashone," mzee akasema. "Binti, ni kwa cherehani au kwa mkono?"

"Kwa mkono, babu."

"Afadhali. Cherehani hukata uzi."

Chumba kizima kikacheka, na Sekela akaanza kushona.

Siku mbili baadaye kidonda kilikuwa kikavu. Mzee alipita kitanda hadi kitanda akiwaonyesha wagonjwa wenzake mshono wake, kama mtu mwenye picha za harusi.

Jioni Sekela akampigia mama yake, Mbeya.

"Mama, nimechagua. Nitakuwa daktari wa upasuaji."

"Wewe? Si ulikuwaga unajificha chooni kuku akichinjwa?"

"Kuku hapigwi ganzi, mama."

Mama yake akacheka mpaka akakohoa, kisha Sekela akamsikia akiwaita majirani.