Kichupa Kilichosema "Kaeni Chini"

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa na watoto mia moja na kumi na wawili katika chumba kimoja. Kwa miaka tisa alifundisha kwa kupaza sauti, mpaka nyuzi za sauti zikavimba na akawa anakwaruza kama bawaba yenye kutu. Daktari akampasua, akautoa uvimbe, akautia kwenye kichupa cha maabara.

Saa nne asubuhi kichupa kikasema, "Kaeni chini!" Wagonjwa kwenye foleni ya dawa wakakaa. Nesi naye akakaa, sindano mkononi.

"Mama, hiki kitatuvurugia kazi," alisema nesi. "Nenda nacho nyumbani. Na wewe usitoe neno wiki mbili."

Hakutoa. Mumewe, fundi saa, alipiga soga na kichupa wakati wa kula. Kikamwambia, "Mikono mezani!" Akatii. Alikiri kwamba haoni tofauti kubwa.

Wiki mbili zilipokwisha, mwalimu alijaribu kuzungumza. Sauti ilitoka laini, yenye pumzi nyingi, ikafika ukingo wa kitanda na kuishia hapo. Aliipenda mno. Alijisomea gazeti la zamani lote, hata matangazo ya vifo, huku akitabasamu.

Shuleni alikiweka kichupa juu ya meza. "Kimya!" kikaamuru. Zikasikika penseli tu. Mwalimu akafundisha kujumlisha kwa sauti yake mpya, na somo likafika hadi nyuma.

"Kumbe mwalimu ni mpole," alisema msichana wa dawati la mwisho.

"Siku zote, mwanangu. Ulikuwa hunisikii."

Mwalimu mkuu akaja kujionea. Kichupa kikamwamuru akae, akajibana kati ya watoto watano, magoti kidevuni. Aliridhika sana.

"Hongera, mwalimu. Basi Jumatatu tunakuletea na darasa la jirani. Mwalimu wao tunamhitaji ofisini."

"Mkuu, naomba chumba cha pili tangu mwaka ule wa..."

"Sema kwa nguvu, sikusikii."

Mwalimu akavuta pumzi.

"Kimya!" kilisema kichupa.

Wote wakanyamaza, yeye akiwamo. Mwalimu mkuu akatoka kwa kunyata.

Jumatatu mafundi walibomoa ukuta. Watoto tisini na mmoja wakaingia wamejitwika madawati yao, na mwalimu akakisogeza kichupa katikati.